Mfasiri wa Masamurai

Mfasiri alikuwa hawezi kuchinja kuku. Mwanamume mzima, ndevu zimemjaa, atakuja mlangoni kwangu kuku kamfunga miguu, uso kaugeuza kando, ati, "Mama Athumani, mwambie bwana anisaidie." Mume wangu akichinja, yeye hujificha nyuma ya choo mpaka kuku atulie. Hapo tena hutoka, akamchukua akamnyonyoa vizuri kunishinda mimi. Damu ikiwa yatoka aliikimbia. Ikishasimama, mikono yake haikuwa na mfano.

Kazi zake zilikuwa mbili. Ya kwanza alikuwa mwosha maiti wa msikiti wetu, huku Kisauni, nyuma ya Mishomoroni. Ya pili, kila siku baada ya sala ya alasiri, alikuwa mfasiri katika banda la vidio. Wazee walimwita Mwosha na vijana wakimwita Mfasiri. Mimi nilifuata vijana, maana jina la mwosha ukilitaja mbele ya mgonjwa anakutolea macho.

Ilikuwa miaka ya themanini, televisheni kwetu bado ni ya kutajwa. Mwenye banda alileta kioo kimoja cha televisheni na deki ya kuchezea kaseti, akaviweka juu ya meza ndani ya banda la makuti, akapanga mabao ya mnazi yawe viti. Mimi nilikuwa na karai langu la viazi mlangoni. Skuli sikuingia. Nilisoma chuo cha Kurani mpaka juzuu ya amma, na herufi hizi ninazoandikia nilifundishwa ukubwani na mwanangu Athumani. Lakini macho ninayo, na ukuta wa makuti una nafasi. Nilitazama kila kilichoonyeshwa mle, tena bila kiingilio.

Filamu za Kihindi zilijaza watu, za Kichina zilijaza watu, lakini za masamurai zilibomoa ukuta. Ilikuwako kaseti moja ya koo mbili za Kijapani zilizopigania mlima wenye ngome. Koo zenyewe zilikuwa jamaa kwa babu mmoja wa zamani. Hawa walivaa mgongoni alama ya majani matatu, wale alama ya ndege. Kaseti ile ilichezwa mpaka picha ikawa na mistari, na watu hawakuichoka, kwa sababu ya Mfasiri.

Alisimama kando ya kioo na fimbo ya mpera, kanzu imepigwa pasi mpaka yakata. Kijapani ati alikijua. Alisema alifanya kazi jikoni katika meli ya samaki ya Wajapani iliyokuwa ikitia nanga bandarini. Wengine walisema alichojifunza huko ni neno la wali na neno la kuharakishwa. Mimi sikumwuliza. Nilijua tu kuwa Wajapani wake walikuwa na adabu za hapa kwetu. Wale watu wakikabiliana huinamiana kwanza kabla ya kuchomoa panga zao. Mfasiri hapo husema:

"Shikamoo."

"Marahaba. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo, wakusalimu. Haya, toa upanga."

Banda zima huangua kicheko. Lakini mara upanga ushashuka, mtu yuko chini, na Mfasiri hageuki kwenda kwa mshindi kama wanavyotaka vijana. Fimbo yake hubaki kwa aliyeanguka. "Huyu ni mwana wa yule msusi wa kamba. Mkewe amemwachia uji jikoni."

"Ami, tafsiri maneno!" wakimpigia kelele. "Uji umeuona wapi?"

"Wewe umemwona na mdomo. Mtu mwenye mdomo hula."

Hakukubali mtu afe mle bandani bila ya kuwa na kwao. Wakifa wengi kwa pamoja alichanganyikiwa, akikimbiza fimbo huku na huku, jasho lamtoka, "na huyu, na huyu," mpaka sauti inamkauka na mimi nampelekea maji. Na kulikuwa na mahali ambapo mkuu mmoja aliyeshindwa alikaa chini, akafungua nguo, akataka kujipasua tumbo mwenyewe. Hapo Mfasiri hujiweka mbele ya kioo na kanzu yake, akatanua mikono. "Hapa hapana tafsiri. Kujiua ni haramu. Ngojeni papite." Vijana wakimzomea, wakimrushia maganda ya njugu. Haondoki mpaka kelele za kule nyuma yake zimekwisha.

Msikitini alikuwa mtu mwingine. Ile sauti ya bandani huko hukuisikia. Kuna siku aliitwa kumwosha tajiri mmoja, mtu aliyekuwa na maneno mengi juu yake, ati alifichwa ndani miezi kwa ugonjwa. Nilimngoja njiani. Nilikuwa na hamu ya kujua, siwezi kusema uongo.

"Kaka, shikamoo. Mlimkutaje yule?"

"Marahaba. Tulimkuta amekufa."

"Nauliza mwilini."

"Mama Athumani, mtu aliye hai unaweza kumsema, atakuja kukutukana. Yule hawezi kuja kunitukana. Basi mimi nitamsema vipi?" Akaenda zake. Kwetu hilo kila mtu alilijua: mwosha akiona uzuri kwa maiti anaweza kuutaja, akiona jingine lolote anakwenda nalo kaburini kwake mwenyewe. Ndiyo maana watu walimpa baba zao na kaka zao. Na pilau ya hitima hakuila. Alisema mkono ukishazoea kushiba penye msiba utaanza kuitafuta misiba.

Sitasema alikuwa mtu mwema kila upande. Alikuwa bahili wa kashata, akizila amegeukia ukuta. Alipenda kusifiwa kanzu yake. Alikuwa na ulimi mchungu kwa wanaoimba mbele ya maiti kwa sauti ya kujionyesha. Mkewe alishindwa naye, akarudi kwao, akisema mikono ya mume wake ina baridi. Yeye mwenyewe alinieleza hayo, akacheka, kisha akanunua viazi ambavyo hakuvila.

Sasa nataka kueleza siku iliyomharibia, nayo inaanzia makaburini.

Mji wetu ulikuwa wa babu mmoja aliyeoa wake wawili. Watoto wa mmoja wakajenga juu ya mteremko, wa mwingine wakajenga chini kuelekea hori la bahari. Tukawa watu wa Juu na watu wa Chini. Mimi nimeolewa Chini. Makaburi yalikuwa ya wote, mpaka ardhi ilipoanza kupanda bei na kila mtu akaanza kuuliza nani ni mke mkubwa na nani ni mke mdogo. Juu walisema wao ndio watoto wa mke mkubwa, makaburi ni yao. Chini wakasema hivyo hivyo.

Kila upande ulikuwa na ushahidi wake, tena wa siri. Nilipoolewa, mama mkwe wangu alinifungia mlango akaninong'oneza: wanaume wa nyumba hii wana alama, nyeusi, mfano wa ganda la ukwaju, kiunoni upande wa kushoto, chini ya mshipi. Hiyo ndiyo alama ya uzao wa mke mkubwa. Nisimwambie mtu, kwa sababu ya husuda, na kwa sababu iko mahali pa sitara. Mume wangu alikuwa nayo. Athumani alizaliwa nayo. Nikamfundisha mwanangu kama nilivyofundishwa: wewe ndiye mwenye makaburi, na huko Juu hawana hii. Niliamini kama ninavyoamini kuwa leo jua litatua.

Basi akafariki bibi mmoja wa Chini. Jeneza lilipofika makaburini, vijana wa Juu walikuwa wamekaa njiani. Mkubwa wao alikuwa Bakari, kijana mwenye kifua, rika moja na Athumani. Walicheza pamoja utotoni.

"Rudini naye," Bakari akasema. "Mzikeni kwenu."

"Kwetu ni hapa!"

"Hapa ni kwetu. Twajijua, na ushahidi tunao, ila si wa kuwavulia nguo nyinyi."

"Hata sisi tunao!" Athumani akajibu.

Jeneza lilitikisika mabegani mwa watu. Bibi wa watu alizikwa kwa matusi, na kijana mmoja wa kwetu alirudi sikio limepasuka. Kesho yake Juu wakaanza kuchimba msingi wa ukuta katikati ya makaburi. Ijumaa jioni nikasikia tupa nyuma ya jiko langu. Mtu anoa.

"Athumani."

"Naam, mama."

"Wanoa nini?"

"Panga, mama. La kukatia kuni."

"Kuni za leo nimeshapikia. Na za kesho ziko ndani."

Tupa ikaendelea.

"Mwaenda lini?"

"Kesho, banda likitoka. Wakirudi kwenye ule msingi watatukuta."

"Mtoto wangu mmoja tu mwanamume."

"Ndiyo maana lazima niende mama. Nisipokwenda mimi, baba atazikwa wapi?"

Maneno hayo niliyatia mimi kichwani mwake. Nikajitanda leso, nikaenda kwa Mfasiri. Nikamwomba aseme na vijana, kwamba yeye watamsikiliza.

"Mimi si imamu, si chifu. Mimi mpiga kelele mbele ya kioo."

"Basi piga hizo kelele! Yule ni mwanangu, kaka. Wakimkata, utaletewa wewe."

Nilimwona akitazama mikono yake. "Najua," akasema. "Wote nitaletewa mimi."

Jumamosi wakaja, Juu na Chini, wote. Unaweza kushangaa maadui kwenda kutazama filamu pamoja, lakini kaseti ilikuwa ile ya koo mbili, na hakuna aliyetaka kumwachia mwenzake banda. Mwenye banda alikataa mapanga ndani. Basi yakawekwa chini ya meza yangu, yamefungwa magunia, ya Juu upande huu, ya Chini upande ule. "Mama tuangalizie," Athumani akaniambia, kama anayeniachia kofia. Nikakaa pale, karai juu, chuma chini, mafuta yachemka.

Ndani wakakaa mbalimbali, katikati pametengwa. Wakaanza kurushiana.

"Majani matatu ndio sisi!"

"Nyinyi ni ndege, mtaruka tu leo!"

Vita vikafika. Majeshi mawili yakashuka mlimani, bendera migongoni, farasi, matope. Mfasiri akanyamaza. Fimbo ameiegemeza ukutani. Watu wakakatwa, wakaanguka kumi kumi, yeye kimya.

"Mfasiri! Umemeza ulimi?"

"Tafsiri, ami, tumelipa!"

Kimya mpaka mwisho. Ikabaki picha ya uwanja, maiti wamelala, moshi wapita juu yao. Hapo alinyoosha kidole akasimamisha deki. Picha ikaganda, yatetemeka kidogo. Akachukua fimbo, akaiweka juu ya maiti wa kwanza.

"Huyu nani atamwosha?"

Wakacheka.

"Nauliza. Bakari, huyu nani atamwosha?"

"Wewe, ami. Ndiyo kazi yako."

"Ni kazi yangu. Basi nitafsirie mimi leo. Huyu mkono wake mmoja uko wapi? Haupo hapa. Itabidi tuutafute, maana mkono nao huoshwa, nao hutiwa katika sanda. Nani atakwenda kuutafuta matopeni? Mamake?" Fimbo ikasogea. "Huyu amepasuliwa tumbo. Tumbo la maiti mimi hulikamua taratibu, litoe kilichomo. Hili nitalikamuaje? Nitalijaza pamba. Pamba italowa. Nitaongeza. Nitamwagia maji ya mkunazi, nitatia karafuu maiti, na bado mtasikia harufu mkiwa mmebeba." Alisema bila ya kupaza sauti. Kicheko kilikuwa kimekwisha. Akaenda maiti kwa maiti, kila mmoja na taabu yake ya kuosha, mpaka yakaanza kusikika mafuta ya karai langu.

Kisha akasema, "Sasa niwaulize jingine. Hawa walivaa alama mgongoni ili wajuane. Hapa matope yamefunika. Yupi wa majani? Yupi wa ndege?"

Fimbo ikapita juu ya maiti wote.

"Kuwajua lazima muwavue. Mimi nawavua. Nimewavua babu zenu wote, wa Juu na wa Chini. Kitambaa kinawafunika tangu kitovuni mpaka magotini, lakini kitambaa cheupe kikilowa hakifichi." Akaiegemeza tena fimbo ukutani. "Wa Juu wana alama kiunoni, kushoto, mfano wa ganda la ukwaju. Wa Chini wana alama kiunoni, kushoto, mfano wa ganda la ukwaju. Ile ile. Ni ya babu, si ya mke yeyote. Haya. Nimesema. Mungu anisamehe mimi na wao wanisamehe. Sasa nendeni mkakatane, mniletee, nami nitawapanga kwa alama."

Niliona kwa macho yangu, kwenye nafasi ya makuti. Vijana wa Juu mikono yao ikashuka kwenye mishipi. Vijana wa Chini mikono yao ikashuka kwenye mishipi. Kisha kila upande ukaona mikono ya wenzao ilipo.

Bakari alisimama wa kwanza. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyepigwa kofi na babake. "Ami," akasema, "umewavua nguo wazee wetu mbele ya watu."

"Nimewavua."

"Hukufanya vizuri."

"Sikufanya vizuri."

Bakari akatoka. Akainama mezani kwangu akachukua panga lake, likiwa vile vile ndani ya gunia, akashika njia ya nyumbani, si ya makaburini. Wenzake wakamfuata. Athumani alipita mbele yangu bila ya kunitazama, na panga lake hakulidai. Nililizika mwenyewe kwenye jaa.

Sisemi kwamba walikumbatiana. Hawakukumbatiana. Ule msingi ulikaa wazi, mvua ikaujaza, mbuzi wakanywa, halafu siku moja ukakutwa umefukiwa na hakuna aliyesema ni yeye. Maiti wa Chini akaja akazikwa, na wa Juu akazikwa.

Lakini Mfasiri hakuwaosha. Aliyefariki baada ya siku ile alikuwa mzee wa Juu, na mwosha aliletwa kutoka Likoni, akavuka feri na mfuko wake. Wa Chini nao wakafanya hivyo. Imamu alimwita Mfasiri akamwambia siri ya maiti ni amana. Akajibu, "Kweli." Hakujitetea hata kwa neno. Jirani yangu mmoja aliniambia kisimani, "Afadhali vijana wangepigana, kuliko marehemu kuanikwa bandani kama nguo."

"Sema hivyo," nikamwambia, "siku mwanao akilazwa juu ya kitanda cha kuoshea." Tulikaa muda mrefu bila ya kusalimiana, na sijuti.

Bandani nako hakurudi. Walimweka kijana mwingine, mwenye maneno ya Nairobi, aliyeshangilia kila upanga. Mfasiri alihamia Jomvu Kuu kwa mpwa wake wa kike. Sikumwona tena kwa miaka.

Ilishafika miaka ya tisini katikati, Athumani ameoa na ana watoto, mume wangu alipofariki. Alikufa baada ya sala ya alfajiri. Msikiti ulikuwa na mwosha mwingine, mtu mzuri tu. Nikasema simtaki. Shemeji zangu wakanijia juu, mmoja akauliza kama nataka mwili wa kaka yake utangazwe sokoni. Nikamwambia Athumani atafute gari.

Tulimkuta Jomvu Kuu amekaa kwenye mkeka, anamchagulia mpwa wake mchele. Alikuwa amekonda, na mchele ulimponyoka vidoleni kwa kutetemeka.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba, Mama Athumani." Akaitazama leso yangu, akamtazama mwanangu. "Babake?"

"Babake."

Akasoma la kusoma. Kisha akasema, "Mwosha mnaye kwenu."

"Tunaye. Nakutaka wewe."

"Mimi nilisema ya watu."

"Nilikusikia. Nilikuwa mlangoni."

"Wengine hawajanisamehe."

"Wasikusamehe. Mimi mwanangu huyu hapa."

Alimtazama Athumani tena. "Mikono hii haishiki kata ya maji tena," akasema. "Wewe yako yashika?"

"Yashika, ami."

"Basi utamwosha wewe. Mimi nitakwambia la kufanya."

Uani watu walikuwa wamejaa, na wa Juu walikuja. Alipoteremka garini watu waliacha kuzungumza. Alikwenda moja kwa moja penye mashuka yaliyotandwa kuzunguka kitanda cha kuoshea, akageuka akasema, "Nataka mtu wa kumwaga maji." Wale wa kwetu wakatazamana. Aliyesimama ni Bakari. Akakunja mikono ya kanzu, akaingia.

Mimi nilikuwa chumbani, ukuta mmoja tu kati yetu, dirisha liko wazi. Nilimsikia Mfasiri kwa sauti ile ya msikitini, ya chini. Mkono wa kulia kwanza. Taratibu, ni babako. Mgeuze. Bakari, mwaga. Maji yalikuwa yakimiminika, yanapita kwenye mfereji chini ya dirisha langu, yananukia mkunazi.

Kisha yakasimama.

Mwili ule niliujua miaka yote, nikajua wamefika kiunoni, upande wa kushoto, na kitambaa kimelowa. Bakari alikuwa amesimama na kata mkononi, anatazama. Sikumwona, lakini nilijua kama ninavyowajua wanangu. Pale nje ya mashuka kulikuwa na ua mzima wa watu wenye masikio. Nikashika kingo za dirisha, nikangoja Mfasiri aseme.

"Athumani," akasema, "ongeza kitambaa cha pili hapo, umsitiri." Akakohoa kidogo. "Haya, Bakari mwanangu. Endelea."

Maji yakaanza tena.